Shaibu na Ajuza: Historia ya Ndevu za Miti



Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukigusa, ingawa jina lake tunalo mdomoni siku zote. Kwenye misitu ya milimani, mahali ambapo mawingu hupita chini na miti haikauki unyevu, matawi huota nyuzi laini za rangi ya kijani iliyopauka, zikaning'inia kama ndevu. Anayepanda Kilimanjaro huziona anapoumaliza msitu mzito na kuanza kuingia vichaka vya juu. Ziko Rwenzori pia. Waingereza huziita ndevu za mzee. Waarabu wana jina shaybat al-ajuz, yaani mvi za bibi kizee. Sikilizeni vizuri jina hilo: shaibu wetu na ajuza wetu wametoka kwenye mizizi hiyo hiyo ya maneno. Hapa tutaziita ndevu za miti.

Tumeileta historia hii kwa sababu moja. Kemikali ya ndevu hizi iliwahi kutiwa kwenye vidonge vya kupunguza unene, na watu waliovimeza wakaumia maini. Nao walivimeza kwa kuamini neno ambalo sisi pia tunauziwa kila siku: “ni ya asili, haina madhara.”

Kuvu na mwani katika nyumba moja

Ndevu za miti si jani wala si mzizi, na wala haziunyonyi mti zilioukalia. Ni viumbe wawili wanaoishi kama mmoja. Kuvu hujenga nyumba na kushika unyevu. Mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho, hukaa ndani na kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Jambo hili lilitangazwa mwaka 1867 na mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Simon Schwendener, na wenzake wengi walimcheka. Kasisi James Crombie, bingwa wa elimu hii Uingereza, alilikejeli wazo hilo kwa kulifananisha na ndoa isiyo ya maumbile, mwani akiwa binti mateka na kuvu akiwa bwana mkatili.

Crombie alifariki mwaka 1906, na kitabu chake kikubwa juu ya viumbe hawa kilikuwa hakijakamilika. Aliyekikamilisha ni mwanamke, Annie Lorrain Smith, akatoa juzuu ya pili mwaka 1911. Bibi huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye jumba la makumbusho la London bila kuwa mwajiriwa rasmi, kwa kuwa wanawake hawakuajiriwa. Mwaka 1921 akatoa kitabu chake mwenyewe, kikaeleza bila wasiwasi kwamba kuvu na mwani ni wawili kweli.

Kwa nini hazilimwi

Sisi wa visiwani tunajua kulima mwani wa baharini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mama zetu wa Paje na Jambiani wanafunga vipande kwenye kamba, na baada ya wiki sita hivi wanavuna. Mtu anaweza kudhani ndevu za miti nazo zitalimwa hivyo. Hazikubali. Kuvu na mwani wake wakitenganishwa maabara, kuwaunganisha tena wakajenga uzi ule ule ni kazi ngumu na ya polepole. Hata msituni, ndevu hizi kwa kawaida hurefuka kwa milimita tu kwa mwaka. Uzi wa urefu wa kiganja huenda umechukua miaka mingi kufika hapo.

Tena zinataka hewa safi. Mwaka 1866 mtaalamu William Nylander aliandika kwamba viumbe wa jamii hii wametoweka sehemu nyingi za Paris, wakabaki kwenye bustani ya Luxembourg. Sumu kubwa ilikuwa moshi wa makaa ya mawe. Ndevu za miti hazina mizizi. Hunywa mvua na ukungu, na kila kilichomo hewani huingia ndani yake. Kwa hiyo anayezitumia lazima azitoe mahali safi, na aokote zilizoanguka na matawi baada ya upepo, asinyonyoe mti.

Dawa na manukato ya zamani

Matumizi yake ni ya kale. Karne ya kwanza, tabibu wa Kigiriki Dioscorides aliandika kwamba zilizo bora huota kwenye mwerezi, na zinazofaa ni nyeupe zenye harufu nzuri. Alieleza kwamba maji yaliyochemshiwa ndevu hizo huwafaa wanawake wenye maradhi ya tumbo la uzazi, wakayakalia. Alizitaja pia kama kitu cha kutiwa kwenye mafuta ya kujipaka na manukato. Dada zetu mnaojua kufukiza, kusinga na kupaka liwa, hapa hatuhitaji mkalimani.

Waarabu waliziita ushna, jina lililochukua ndevu hizi na jamaa zake. Ibn Sina, aliyeishi kuanzia 980 hadi 1037, aliziweka katika Qanun kwenye orodha ya dawa moja moja. Jina la kisayansi linalotumika dunia nzima leo, Usnea, limetokana na neno hilo la Kiarabu. China nako zinaitwa songluo, na zimo kwenye kitabu chao cha kale kabisa cha dawa.

Hatusemi kwamba kila walichoandika wazee hao ni sahihi. Tunachotaka mkione ni namna walivyotumia. Walishika nyuzi zenyewe, wakazitazama rangi, wakazinusa, wakachagua. Mengi ya matumizi hayo yalikuwa ya nje: kuoshea, kupaka, kutia harufu.

Walipofuata sura

Ulaya ikaja na fikra kwamba Mungu ameandika kazi ya kila mmea kwenye umbo lake. Kinachofanana na pafu kiliwe kwa kifua, kinachofanana na nywele kipakwe kichwani. Ndiyo maana ndevu za miti zilisifiwa kuotesha nywele. Katika karne ya 17 mambo yalivuka mpaka: maduka ya dawa yaliuza ukoga ulioota juu ya fuvu la kichwa cha binadamu, nao ukaitwa usnea. Robert Boyle, mwanasayansi mkubwa, aliandika kwamba damu ya pua ilimkatika baada ya kuushika mkononi. Jina la Ibn Sina lilikuwa limefika kwenye fuvu, na bei ilikuwa ghali.

Kutoka uzi hadi kidonge

Mwaka 1844 mkemia Mjerumani Knop alitenga kutoka kwenye viumbe hawa unga wa manjano unaoitwa asidi ya usniki. Miaka 100 baadaye, mwaka 1944, Burkholder na Evans wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba viumbe wengi wa jamii hii huzuia bakteria, wakiwemo wale wanaotia usaha vidonda. Basi wazee waliotumia ndevu hizi kwenye vidonda hawakuwa wakibahatisha. Baadaye asidi hiyo ilitiwa kwenye krimu, dawa za meno na vipodozi.

Kisha wafanyabiashara wakaona faida nyingine. Ndani ya seli zetu mna mitokondria, kama majiko madogo yanayogeuza chakula kuwa nguvu. Asidi ya usniki huharibu mpango wa majiko hayo: chakula kinaungua, joto linatoka, nguvu haipatikani. Kwa anayetaka kupungua, hilo linasikika kama neema. Kwa ini, ambalo ndilo linalopokea kila tunachomeza, ni hatari.

Marekani ilitoka bidhaa iitwayo LipoKinetix, yenye asidi hiyo pamoja na vitu vingine. Novemba 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, iliwataka watu waache kuitumia mara moja, kwa sababu ya ripoti za maini kuharibika. Mwaka 2002 madaktari wakachapisha habari za wagonjwa 7 waliokuwa wazima kabla ya kuimeza, walipoacha, walipona. Mtu angeweza kusema lawama ni ya vile vitu vingine. Lakini mwaka 2004 ikachapishwa habari ya mwanamke wa miaka 28, mzima wa afya, aliyemeza asidi ya usniki peke yake kwa muda wa wiki mbili ili apungue. Ini lake lilikufa. Aliokolewa kwa kupandikizwa ini la mtu mwingine.

Wiki mbili tu. Uzi uliochukua miaka kuota ulikamuliwa, ukakusanywa na nyuzi nyingine nyingi, ukabanwa ndani ya kidonge ambacho Dioscorides na Ibn Sina hawakukijua. Kwenye tangazo, hata hivyo, yalisifiwa maumbile. Tofauti kati ya maji ya kuoshea kidonda na kidonge hiki ni kama tofauti kati ya kunusa karafuu na kunywa chupa nzima ya mafuta yake.

Tuchukue nini

Kama umeletewa ndevu za miti kutoka bara, vuta uzi mmoja polepole. Ndevu za kweli zina kamba nyeupe katikati inayonyumbuka ganda la nje likikatika. Zitumie kwa nje, jaribu kwanza sehemu ndogo ya ngozi, maana wapo zinaowawasha. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye maradhi ya ini asizinywe.

Ama vidonge na chai za kupunguza mwili zinazouzwa kwenye simu, muulize muuzaji kilichomo ndani, jina kwa jina. Akikujibu “mitishamba tu”, hajakujibu. Ukishakunywa kitu kisha ukaona macho yamegeuka manjano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, au kichefuchefu na uchovu visivyoisha, acha hapo hapo, nenda hospitali, na uchukue chupa uende nayo.

Tusione haya kuulizana. Wengi wetu tunameza kimya kimya kwa sababu ya neno tuliloambiwa harusini au nyumbani juu ya miili yetu. Mwili huu ni amana, mwembamba au mnene, na hatujaagizwa kuuharibu ili upendeze.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi, na awaponye wenye maradhi. Amin.