Sheffield: Mji na Alama Yake

Anayetaka kuujua mji wa Sheffield, ulioko kaskazini mwa Uingereza, kwa kawaida huanza na matanuri yake makubwa ya chuma. Katika makala haya tunashika njia nyingine. Tunakusudia kuonyesha kwamba utambulisho wa mji huo ulijengwa juu ya kitu kidogo mno, yaani alama inayogongwa kwenye ubapa wa kisu. Kisha tutauliza alama hiyo ilikuwa ya nani.

Sheffield imekaa mahali ambapo mito mitano inateremka kutoka vilimani: Don, Sheaf, Porter, Rivelin na Loxley. Maji yalizungusha magurudumu ya karakana, na milima ya jirani ikatoa mawe ya kunolea. Mnamo mwaka 1624 Bunge liliidhinisha Chama cha Wahunzi wa Visu wa Hallamshire, jina la kale la eneo hilo. Fundi aliyehitimu uanagenzi alisajili alama yake, na kuiga alama ya mwenziwe kulikuwa kosa. Hivyo, kabla ya kuja kwa viwanda vikubwa, heshima ya fundi na heshima ya mji zilikuwa zimekwisha kufungamana.

Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, aliyekuwa fundi wa saa, alipata njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo. Karne iliyofuata viwanda vikubwa vililijaza bonde la Don. Hata hivyo mafundi wadogo hawakutoweka. Walikodi chumba na cherehe, wakafanya kazi pamoja na wasaidizi wachache. Waliitwa "little mesters", yaani mabwana wadogo, na neno "mester" lenyewe ni matamshi ya wenyeji. Lugha nayo iliwatambulisha: majirani waliwapachika watu wa Sheffield jina la utani "dee-dahs", kwa sababu viwakilishi vya kale vya nafsi ya pili umoja, vilivyokwisha kuachwa katika Kiingereza sanifu, vilidumu vinywani mwao vikitamkwa kwa sauti ya d.

Lakini sifa hiyo ilikuwa na gharama. Mnoaji aliliinamia jiwe kutwa nzima, na vumbi la jiwe na la chuma likamharibu mapafu. Walioumia zaidi ni wanoaji wa uma, walionoa bila maji. Wengi wao walifariki kabla ya kutimiza miaka 40. Alama iliyoonekana sokoni ilikuwa ya bwana, si ya mnoaji. Ndiyo maana wanoaji waliunda vyama vikali. Asiyelipa ada aliweza kunyang'anywa mikanda ya cherehe lake, na wengine walishambuliwa. Mnamo Oktoba 1866 nyumba ya mnoaji mmoja ililipuliwa kwa baruti. Mbele ya tume ya mwaka 1867, William Broadhead, katibu wa chama cha wanoaji wa misumeno, alikiri kwamba aliwalipa watu watende maovu ya namna hiyo. Pamoja na aibu hiyo, mjadala ulioenea nchini kote kuhusu vyama vya wafanyakazi uliishia katika sheria ya mwaka 1871 iliyovitambua rasmi.

Mwaka 1913, katika mji huohuo, Harry Brearley alitengeneza chuma cha pua kisichoshika kutu. Baadaye likaja anguko. Mgomo wa wafanyakazi wa chuma wa mwaka 1980 ulidumu majuma 13, viwanda vingi vikafungwa, na mwaka 1990 soko kubwa la Meadowhall likafunguliwa mahali palipokuwa na kiwanda cha chuma. Hata hivyo Chama cha Wahunzi wa Visu kingalipo, nacho kinalinda jina la Sheffield lisipachikwe kwenye bidhaa zisizotoka huko.

Mwaka 2016 ilizinduliwa katikati ya mji sanamu ya wanawake wawili, kwa heshima ya wale waliofanya kazi viwandani wakati wa vita viwili vya dunia. Tunaona humo jibu la swali letu. Kwa karne nyingi alama ilimtaja mwenye karakana tu. Leo mji umeanza kuwataja wale ambao mikono yao ndiyo iliyoipa alama hiyo thamani. Mwanahistoria asomaye utambulisho wa mji wa kazi hana budi kuusoma ubapa wa kisu, na pia vumbi lililobaki chini ya cherehe.