Watazamaji Waliojiona Ndani ya Hamoun

Filamu ya Hamoun, iliyoongozwa na Dariush Mehrjui, ilionyeshwa katika tamasha la Fajr jijini Tehran mapema mwaka 1990. Mhusika wake mkuu, Hamid Hamoun, ni mwanamume wa makamo aliyeajiriwa katika kampuni ya biashara, huku akiandika tasnifu isiyokwisha. Tasnifu hiyo inahusu mapenzi na imani, na swali lake kubwa ni la Nabii Ibrahimu: baba aliyempenda mwanawe aliwezaje kumwinulia kisu? Swali hilo halihitaji utangulizi kwetu, maana wengi wetu tulilikuta msikitini au kanisani kabla hatujajua kusoma. Hamid amelifuata hadi kwa Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, na huko amekwama. Wakati huohuo mkewe Mahshid, ambaye ni mchoraji, anadai talaka, naye Hamid hataki kuitoa.

Katika insha hii sikusudii kuhakiki uigizaji wala upigaji picha. Ninachotaka kukiangalia ni watu walioitazama filamu hiyo, kwa sababu naamini machozi ya watazamaji ni ushahidi wa kihistoria sawa na hotuba ya kiongozi au bei ya mafuta. Swali langu ni dogo: walimlilia nani, na kwa nini?

Lazima tukumbuke mwaka wenyewe. Vita vya Iran na Iraki vilikuwa vimedumu miaka minane, tangu 1980 hadi 1988. Ayatollah Khomeini alifariki Juni 1989. Vyuo vikuu vilikuwa vimefungwa tangu 1980 kwa muda wa karibu miaka mitatu ili visafishwe kwa jina la mapinduzi ya utamaduni, na walimu wengi walipoteza kazi. Kwa muongo mzima shujaa aliyesifiwa hadharani alikuwa askari aliyekufa shahidi. Msomi, kama alionekana kabisa, alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Kisha akatokea Hamid: mtu aliyezungukwa na vitabu, anayelia, anayefoka, anayechekesha bila kukusudia, mwenye imani nusu na shaka nusu. Hakuwa shahidi wala msaliti. Kwa watu wa tabaka la kati waliokuwa wameishi miaka kumi bila kujiona mahali popote kwenye skrini, hilo lilitosha kuwajaza ukumbini.

Khosrow Shakibai, aliyemwigiza Hamid, alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha hilo. Baadaye jarida la kila mwezi la Film lilipouliza wasomaji na waandishi wake ni filamu ipi ya Iran iliyo bora kupita zote, waliichagua Hamoun. Maneno ya Hamid yakawa misemo ya barazani. Mwaka 2008, mwaka uleule Shakibai alipofariki, mwongozaji Mani Haghighi alitoa filamu ya hali halisi kuhusu mashabiki hao, akaiita Hamoun-bazha. Katika Kiajemi, tamko hilo la “baz” huwekwa nyuma ya jambo ambalo mtu amelizama hata likamtawala. Mfuga njiwa asiyeshuka juu ya paa lake huitwa hivyo pia. Haghighi aliwapa nafasi watazamaji waeleze jinsi filamu ilivyojifunga na maisha yao wenyewe. Mtu akisoma historia kwa kutegemea nyaraka za serikali peke yake, watu hawa hatawaona kamwe.

(Hata jina lina lake. Hamun ni ziwa la Sistan, mpakani mwa Iran na Afghanistan, ambalo hujaa na kukauka kufuatana na maji ya mto Helmand. Sijui jina linalomfaa mtu huyu zaidi ya hilo.)

Si wote waliopenda. Morteza Avini, aliyepata umaarufu kwa filamu zake za hali halisi kutoka medani za vita na ambaye alikuwa mhariri wa jarida la Sureh, aliandika kuipinga vikali. Wafuasi wa Hamoun humchukulia kama sauti ya dola tu, lakini mimi naona tusimpuuze haraka. Avini alikuwa amewapiga picha vijana walioingia vitani wakiamini, na mwaka 1993 yeye mwenyewe aliuawa na bomu la ardhini huko Fakkeh. Kwa mtu kama huyo, mwanamume anayetafuta maana ya kafara katika vitabu akiwa Tehran hawezi kuwa na uzito uleule. Watazamaji wawili waliishi nchi moja katika vita vimoja, na kila mmoja alikuwa na Ibrahimu wake.

Hata hivyo, wapenzi wa filamu na maadui zake walifanana kwa jambo moja: wote walibishana juu ya Hamid. Mahshid hakuwa hoja. Tunamwona karibu kila mara kupitia kumbukumbu na ndoto za mumewe. Mojawapo ya maneno yaliyokaririwa zaidi na mashabiki ni pale Hamid anapopaza sauti kwamba mwanamke huyu ni haki yake na fungu lake, na hamtaliki. Watu waliyasikia kama kilio cha mapenzi. Lakini yalikuwa pia maelezo sahihi ya sheria. Sheria ya Kulinda Familia ya mwaka 1967, iliyopanuliwa mwaka 1975, ilikuwa imempa mke njia pana zaidi ya kuomba talaka mahakamani. Baada ya mapinduzi iliwekwa kando. Mume akabaki na uwezo wa kuacha, na mke akabaki na kazi ya kuthibitisha dhiki mbele ya hakimu. Kwa hiyo Hamid anapokataa, ana nguvu ambayo Mahshid hana. Na anapochukua bunduki ya zamani akajaribu kumpiga risasi, watazamaji wengi bado walimhurumia yeye. Vizazi vilivyofuata, hasa wanawake, vilianza kuitazama sehemu hiyo bila huruma ile. Filamu ni ileile. Kilichobadilika ni nani aliyeketi ukumbini.

Nadhani Mehrjui mwenyewe aliliona pengo hilo mapema kuliko mashabiki wake. Filamu zake zilizofuata ziliwaweka wanawake katikati: Banu, ambayo Bita Farahi, yuleyule aliyekuwa Mahshid, aliiongoza kama mhusika mkuu, na ambayo ilizuiwa kwa miaka kadhaa, Sara ya mwaka 1993, iliyotokana na tamthilia ya Ibsen kuhusu mke anayeondoka nyumbani, kisha Pari na Leila. Haiwezekani kuwa bahati tu.

Oktoba 2023 Mehrjui na mkewe, Vahideh Mohammadifar, waliuawa kwa visu nyumbani kwao karibu na Karaj. Taazia nilizozisoma zilimkumbuka kwa Gav ya mwaka 1969 na kwa Hamoun. Sara ilipata nusu sentensi.