Kanisa la Luanza na Wahudumu Wake: Kutoka Bunkeya hadi Ziwa Mweru

Historia ya Ukristo katika kusini ya Katanga huelezwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya mji na ya reli. Hutajwa mwaka 1910, mji wa Élisabethville ulipozaliwa na mapadri Wabenedikto wa Jean-Félix de Hemptinne walipowasili. Hutajwa pia Mmethodisti John M. Springer na kazi yake katika makambi ya shaba. Hayo ni kweli, lakini yanaanzia katikati ya habari. Reli ilipofika, palikuwapo tayari, mbali na migodi yote, kanisa lenye zaidi ya miaka kumi, lililojengwa mahali palipoinuka juu ya ufuko wa magharibi wa Ziwa Mweru, paitwapo Luanza.

Kanisa hilo halikuwa na askofu, wala kasisi aliyewekewa mikono, wala mshahara wa mtu yeyote. Wengi wa waliolianzisha walikuwa Waskoti, wana wa nchi ambamo kila bonde na kila kisiwa kina parokia yake, nyumba ya mchungaji kando ya kanisa, na orodha ya wachungaji waliopokezana mimbari kwa karne kadhaa. Wao hata hivyo walikuwa wamejitenga na utaratibu huo. Walikuwa wa jamaa ya Kikristo ijulikanayo kama Ndugu wa Plymouth, ambao hawakubali cheo cha uchungaji. Siku ya Jumapili waumini huketi kuizunguka meza ya Bwana, humega mkate, na ndugu yeyote aweza kusimama ili asome au aombe. Uongozi ni wa wazee wa kanisa. Mmisionari wao naye alisafiri bila ahadi ya fedha. Barua zake zilichapwa katika jarida la Echoes of Service lililotolewa Bath, Uingereza, na waumini walioguswa walituma walichoweza. Kwa hiyo kuandika juu ya «wachungaji wa Luanza» ni kutumia neno ambalo wenyewe wangelikataa. Lakini mambo yaliyotendeka kandokando ya Mweru hayakufuata sikuzote mafundisho yaliyotoka Uingereza, na hapo ndipo habari hii inapostahili kuchunguzwa.

Wa kwanza alikuwa Frederick Stanley Arnot, mzaliwa wa Glasgow mwaka 1858. Utotoni aliifahamu familia ya David Livingstone, na mwaka 1881 alifunga safari ya kuja Afrika. Baada ya kukaa kwa Walozi hadi mwaka 1884 alikwenda magharibi hadi pwani ya Benguela, kisha akaifuata njia ya misafara ya Waovimbundu kuelekea ndani. Tarehe 14 Februari 1886 aliingia Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, katika tambarare ya Lufira.

Inafaa kukumbuka Bunkeya ilikuwa mji wa namna gani. Msiri, yaani Mwenda Ngelengwa, alikuwa mwana wa mfanyabiashara wa Unyamwezi. Yeye na watu wake, walioitwa Wayeke, walijipatia utawala juu ya Wasanga na majirani zao kwa bunduki, kwa ndoa na kwa biashara ya shaba, chumvi, pembe na watumwa. Mashariki waliuziana na Waswahili, magharibi na Waovimbundu. Barazani mwa Msiri zilisikika lugha nyingi kwa siku moja, na Kiswahili cha misafara kilikuwa mojawapo. Nchi hiyo yote Arnot aliiita Garenganze, jina lililotokana na Garaganza, upande wa Unyamwezi walikotoka Wayeke. Kitabu chake cha mwaka 1889 kilibeba jina hilo, na huko Ulaya likawa jina la misioni.

Arnot alikaa miaka miwili tu. Mwishoni mwa mwaka 1887 waliwasili Charles Swan na William Faulknor, naye mwaka 1888 akarudi kwao kutafuta watu zaidi. Kanisa hakuliacha nyuma. Aliacha nyumba, watoto wachache aliowalea, na imani ya mfalme kwamba Mzungu huyu hakuja kuuza wala kununua. Msiri alikuwa na sababu zake za kumvumilia. Mtu anayejua kusoma na kuandika, asiye na jeshi nyuma yake, ni mjumbe mwenye manufaa pale ambapo mataifa mawili yanaigombania nchi yako.

Kijana aliyekuja kuwa moyo wa Luanza aliletwa na safari ya pili ya Arnot. Dan Crawford alizaliwa mwaka 1870 katika Gourock, mji wa bandari kwenye mlango wa mto Clyde. Aliondoka kwao mwaka 1889, akiwa hajatimiza miaka 20, na alifika Bunkeya mwishoni mwa mwaka 1890. Alikuta mji uliokuwa karibu kuanguka. Katika mwezi huohuo wa Novemba Alfred Sharpe alikuja na mkataba wa Waingereza, na Swan ndiye aliyemfafanulia Msiri maana ya maneno yaliyomo, mfalme alikataa. Mwaka uliofuata alikuja Paul Le Marinel kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, akaacha boma kwenye mto Lofoi. Baadaye Alexandre Delcommune naye alikataliwa.

Hapo latokea jambo ambalo wasimulizi wa misioni hulipita upesi. Msiri, akiona adui wanazidi kumzunguka, alibadili nia kuhusu Waingereza, na Crawford akamwandikia barua ya kumwita Sharpe arudi. Barua hiyo ilinaswa njiani na msafara wa William Stairs, Mkanada aliyetumwa na Mfalme Leopold, ambaye alikuwa akija kutoka Zanzibar pamoja na mamia ya wapagazi na askari wa pwani. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi na kumwua, naye Bodson akajeruhiwa kwa risasi na kufa. Kichwa cha mfalme kilikatwa. Bendera ya Leopold ikapandishwa, na njaa ikawaua wengi, wenyeji na watu wa msafara vilevile.

Je, wamisionari walikuwa upande gani? Jibu rahisi halipo. Waliishi kwa hisani ya Msiri na walimwogopa. Waliandika barua zake na walichukia biashara yake ya watumwa. Wakati huohuo waliona anguko lake kuwa mlango uliofunguliwa. Crawford mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 21. Kumhukumu kama mwanasiasa aliyekomaa si haki, lakini kumweka nje kabisa ya tukio hilo si kweli pia: kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Bunkeya ilitawanyika. Mwana wa Msiri, Mukanda-Bantu, akapokea utawala uliopunguzwa chini ya macho ya boma la Lofoi, na wamisionari nao wakahamia karibu na hapo. Kukaa ubavuni mwa boma kulikuwa na faida ya usalama na hasara ya kufananishwa nalo. Baada ya muda mfupi Crawford alianza kutazama mashariki, na kufikia katikati ya miaka ya 1890 alikuwa amekita makao Luanza, juu ya ziwa.

Hakwenda peke yake. Watu wengi walifuatana naye au walimkuta huko: mabaki ya mji wa Msiri, watumwa waliopata uhuru, wanawake waliopoteza jamaa zao katika vita, Wasanga, Waluba, Wayeke, na wenyeji wa kandokando ya ziwa. Walimwita Konga Vantu, yaani mkusanya watu. Mwanaisimu ataona katika jina hilo ngeli moja na ile ya watu katika Kiswahili: va-ntu, ba-ntu, wa-tu. Msomaji wa historia ataona kitu kingine. «Mkusanya watu» si jina la mhubiri, ni sifa ya mtawala. Katika nchi ambamo ukubwa wa mtu ulipimwa kwa idadi ya wanaomkimbilia, kijana wa Gourock alikuwa amepewa kiti ambacho Msiri alikiacha wazi. Alisuluhisha kesi, aligawa mahali pa kujenga, alifundisha shule, alizika wafu. Yule aliyekana cheo cha uchungaji alijikuta ni mchungaji, hakimu na chifu kwa pamoja. Mwaka 1896 alimwoa Grace Tilsley huko Blantyre, na wote wawili walikaa Luanza mpaka mwisho wa maisha ya mume.

Kuhusu Dola Huru ya Kongo, ndugu hawa hawakuwa na sauti moja. Boma la Lofoi chini ya Luteni Clément Brasseur lilijulikana kwa ukatili wake; Brasseur aliuawa mwaka 1897 akilishambulia boma la Chiwala, mfanyabiashara wa Kiswahili kwenye Luapula. Wengi wa wamisionari wa Garenganze hawakupaza sauti hadharani. Dugald Campbell, Mskoti mwenzao, alipeleka ushahidi wake kwa E. D. Morel, aliyekuwa akiendesha kampeni dhidi ya utawala wa Leopold. Charles Swan alielekeza nguvu zake upande wa Angola, na mwaka 1909 alitoa kitabu juu ya utumwa uliokuwa ukiendelea katika makoloni ya Wareno. Tofauti hizi zaonyesha gharama ya kanisa lisilo na mkuu: kila mmoja alijibu kwa dhamiri yake, na aliyenyamaza hakuwa na wa kumwuliza.

Kazi kubwa ya Crawford ilikuwa ya lugha. Aliigeuza Biblia katika Kiluba-Sanga, lugha ya wale aliowakuta katika nchi ya Msiri. Agano Jipya lilitoka mwanzoni mwa karne ya 20, na Biblia nzima ilichapwa baada ya kifo chake. Ni vema kutazama uchaguzi huo kwa makini. Mapadri Weupe wa Mpala, kwenye Ziwa Tanganyika, walikuwa wamekwisha kukitumia Kiswahili. Crawford hakukosa kukisikia: kilipita mlangoni mwake pamoja na misafara. Lakini masikioni mwa wamisionari wa wakati huo Kiswahili kilikuwa na harufu ya mnyororo na ya Uislamu, ilhali Kisanga kilikuwa lugha ya mama. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake mwaka 1895. Jambo ambalo hakuna aliyeweza kulitabiri ni kwamba miaka thelathini baadaye Union Minière ingewakusanya vijana wa makabila yote katika makambi yake, na kwamba Kiswahili, hichohicho cha misafara, kingekuwa lugha ya kambi, ya soko na hatimaye ya nyumbani katika Lubumbashi. Watoto wa wasomaji wa Kisanga walipokwenda mjini walikuta kwamba neno la Mungu wanalijua kwa lugha moja na la mtaani kwa lugha nyingine. Kila lugha ya Biblia huwaingiza watu na huwaacha wengine nje. Kwa upande wa Luanza, mstari ulichorwa kabla ya mji kuwapo.

Kuna deni jingine katika tafsiri hiyo. Mgeni hafasiri peke yake lugha aliyojifunza ukubwani. Waliomsahihisha sentensi, waliomwambia kwamba neno fulani hutamkwa mbele ya wazee na fulani halitamkwi, waliokwenda vijijini kufungua shule ndogo na kuhubiri kando ya maji, hao ndio walikuwa wahudumu wa kila siku wa kanisa. Juu ya majalada yaliyouzwa Ulaya lilisimama jina moja tu. Kwa kuwa Ndugu hawana daftari la kuwekewa mikono, hakuna orodha ya wachungaji ambamo majina ya Waafrika hao yangelazimika kuandikwa. Kanuni iliyokusudiwa kuwafanya ndugu wote kuwa sawa ndiyo iliyowafanya baadhi yao wasionekane.

Mwaka 1911 Crawford aliondoka kwa mara ya kwanza baada ya miaka 22. Mwaka 1912 alichapisha Thinking Black, kitabu kilichomletea sifa Uingereza na Marekani. Ni kitabu chenye majivuno na utani mwingi, kigumu kusomeka leo; lakini wazo lake kuu, kwamba Mzungu ndiye anayepaswa kukaa chini na kujifunza kufikiri kama mwenyeji, halikuwa la kawaida katika miaka hiyo. Alirudi Luanza, na miaka yake ya mwisho ilikwenda kwa Agano la Kale. Alijigonga mkono kwenye rafu ya mbao usiku, jeraha likaoza, na tarehe 3 Juni 1926 akafariki, mwenye miaka 55.

Wenzake walikuwa wamekwisha kuieneza kazi. William Lammond alivuka Luapula hadi Johnston Falls, leo Mambilima nchini Zambia, akaandika masomo ya Kibemba yaliyotumiwa na wengi. Ziwa halikuwatenganisha waumini kama ramani ya wakoloni ilivyotenganisha nchi. Mitumbwi ilibeba samaki na Biblia pamoja.

Baada ya uhuru mambo yalipitia sheria. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilitambua makanisa machache tu ya Kikristo, na Waprotestanti wote walilazimika kuwa ndani ya Kanisa la Kristo. Ndugu, waliokuja Afrika wakikimbia madhehebu, wakawa jumuiya iliyoandikishwa, yenye mwakilishi wa kisheria na mhuri. Katika maandiko ya serikali huitwa Jumuiya ya Ndugu katika Kristo ya Garenganze. Nchini Tanzania Garaganza ni jina la upande mmoja wa Unyamwezi. Huku Katanga hakuna wilaya wala mto unaoitwa hivyo. Jina ambalo Wayeke walikuja nalo kutoka Tabora, ambalo Msiri alilifanya kuwa ufalme na Bodson akaukomesha ufalme huo kwa risasi moja, limebaki kuwa jina la kanisa.