Somo la Damu Lililotoka Mogadishu

Tangu enzi za ukoloni, Machakos nchini Kenya, ambako eneo la Ndithini liko, imejulikana kwa kutoa askari. Wakamba walijaa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia wengine walichukuliwa kuwa wapagazi wa Carrier Corps. Wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara damu na maradhi mengine, si kwa risasi. Waliojua kutibu walikuwa haba. Mwaka 1917 Uganda ikaunda kikosi cha wauguzi Waafrika, vijana wa shule za misheni waliofundishwa mbiombio na kupelekwa kambini. Kazi yenyewe walijifunzia kwa wagonjwa.

Gharama ya mafunzo ya namna hiyo humwangukia aliyelala kitandani.

Oktoba 3, 1993, katika mapigano mjini Mogadishu, Somalia, askari mmoja wa Marekani alipigwa risasi pajani. Mshipa mkubwa ulikatika juu sana, karibu na nyonga, mahali ambapo mkanda wa kukaza haufiki. Msafara wa uokoaji ulichelewa kwa saa nyingi, naye akafa kwa kuvuja damu. Wamarekani 18 walipoteza maisha katika mapigano yale. Wasomali waliokufa ni mamia. Mwaka 1996 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha mwongozo mpya wa tiba vitani, na vifo vya Mogadishu vikachambuliwa kuunoa zaidi. Mkanda, uliokuwa umedharauliwa kwa miaka mingi, ukarudi kuwa kifaa cha kwanza kwa jeraha la mkono au mguu linalovuja damu kwa wingi.

Mwaka huohuo wa 1993 Richard Satava, daktari mpasuaji wa jeshi hilohilo, alichapisha maelezo ya tumbo la kuigiza lililochorwa na kompyuta, ambalo mwanafunzi angelipasua akiwa amevaa miwani ya uhalisia pepe. Michoro yake ilikuwa kama katuni. Lakini kufikia 2002, utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale ulionyesha kwamba madaktari waliofanya mazoezi ya namna hiyo walitenganisha kibofu cha nyongo na ini kwa kasi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 29, tena kwa makosa machache zaidi.

Leo miwani ya aina hiyo humwonyesha mwanafunzi wa tiba ya vitani moshi, kelele na majeruhi watatu kwa pamoja. Aamue aanze na nani. Haimpi uzito wa mtu aliyezimia wala utelezi wa damu, kwa hiyo mwanasesere wa mazoezi hajastaafu.

Kwa Ndithini, uwanja wa vita ulio karibu zaidi ni lami. Barabara kuu ya Thika–Garissa hupita Yatta, jirani tu, na ajali za barabarani huua Wakenya zaidi ya 4,000 kwa mwaka. Mguu wa abiria wa bodaboda huvuja damu kama wa askari: mkanda hufungwa upande wa juu wa jeraha, si juu ya jeraha lenyewe, hukazwa hadi damu ikome, kisha huandikwa saa ulipofungwa ili hospitali ijue.