Zanzibar na Omani: Nani Alimfuata Nani?



Kijana wa leo akisikia Omani hufikiria barabara pana, mahospitali na mishahara ya riali. Nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba Waomani walikuwa wakipanda majahazi kuja Unguja kutafuta riziki, wengine hucheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa, tena si zamani sana.

Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, dola yake iligawika baina ya wanawe, Majid Zanzibar na Thuwaini Maskati. Waingereza walipowasuluhisha mwaka 1861, hukumu ilikuwa Zanzibar iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Zingatia hapo, ndugu msomaji: aliyelipa ni Zanzibar, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mali. Ilikuwa na karafuu, pembe za ndovu na forodha. Maskati ilibaki na bandari iliyopungukiwa, na meli za moshi zikazidi kuyanyang'anya biashara majahazi yake.

Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwavutia watu wa mjini maji ya mfereji kutoka Chemchem, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib. Hata hivyo tusisimulie habari hizi kama hadithi ya peponi. Karafuu zile zilipandwa na kuchumwa na watumwa. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe haukupigwa marufuku Zanzibar mpaka 1897. Anayeusifu utajiri wa wakati ule bila ya kuwataja waliouchuma, hajasoma tarehe, amesoma nusu yake.

Katika karne ya ishirini pengo lilizidi kupanuka. Zanzibar ilikuwa na skuli ya serikali ya wasichana tangu 1927, ina magazeti, na wanavyuoni wake walijulikana pwani nzima. Omani ya Sultan Said bin Taimur, hadi 1970, ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Barabara ya lami ilikuwa kama kilomita 10. Milango ya mji wa Maskati ilifungwa usiku, na anayetembea baada ya hapo alitakiwa abebe taa. Utumwa nao huko ulidumu mpaka mwaka huo huo wa 1970!

Ndiyo maana Waomani maskini, tuliokuwa tukiwaita Wamanga, walikuja na pepo za kaskazi. Hawakuja kuwa mabwana. Walifungua vijiduka mashamba, wakauza kahawa, wakachuma karafuu. Katika fujo za Juni 1961 waliuawa watu 68, na wengi wao walikuwa Wamanga hao hao wa mashamba. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 maelfu waliuawa au walikimbia, na wengi wa waliokimbia hawakuweza hata kupokelewa Omani, kwani Sultan alizuia watu kuingia na kutoka.

Omani ilianza kusafirisha mafuta mwaka 1967, lakini raia hawakuyaona matunda mpaka Qaboos alipomtoa baba yake tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi. Hapo ndipo Zanzibar ilipoisaidia tena Omani, safari hii kwa watu. Skuli na ofisi mpya zilihitaji waliosoma, na wengi waliosoma walikuwa ni wale waliolelewa Unguja na Pemba, wanawake wakiwemo. Baadhi yao Kiarabu kiliwapiga chenga, Kiswahili ndicho walichokijua.

Mwaka 2010 ripoti ya maendeleo ya binadamu ya Umoja wa Mataifa iliiweka Omani ya kwanza kati ya nchi 135 kwa hatua zilizopigwa tangu 1970. Zanzibar kwa upande wake, iliyokuwa imeungana na Tanganyika tangu Aprili 1964, ilitangaza elimu na matibabu bure na kujenga majumba ya Michenzani. Lakini vyakula vilikosekana madukani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na bei ya karafuu ikaporomoka katika miaka ya 1980, maana Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, ilikuwa imepanda yake mwenyewe. Kwa maoni yangu kosa la kutegemea zao moja ni la zamani kuliko serikali yoyote ya baada ya 1964. Na Omani nayo bado ina hofu hiyo hiyo na mafuta yake.

Sasa safari imegeuka. Mabinti zetu wanakwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Wapo waliojenga nyumba kwa jasho lao, na wapo waliorudi mikono mitupu. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 iliwahoji wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania waliokuwa Omani na Falme za Kiarabu: wapo walionyang'anywa pasi, wapo waliofanyishwa kazi mchana na usiku, na wapo waliokatwa mshahara. Na katika baadhi ya nyumba hizo, bibi wa mwenye nyumba alizaliwa Unguja, na Kiswahili anakizungumza vizuri kuliko Kiarabu.