Anuarite: jina lililoandikwa kwa kosa



Siku moja ya kuandikisha watoto wa ubatizo, mama mmoja kijana alifika mbele ya meza yangu, mtoto wake wa kike mgongoni. Nikamwuliza jina la mtoto. Akajibu, «Anuarite.» Nilikuwa nimekwisha kuweka kalamu juu ya kitabu, mara nyanya wa mtoto, aliyesimama nyuma, akasema kwa sauti: «Usiandike, Mwalimu! Jina hilo ni la mtu aliyeuawa. Mnataka kumpa mtoto kifo?»

Nilimjibu kwa haraka kwamba hofu ya namna hiyo ni ya kipagani. Naye akanyamaza, lakini kwa huzuni, si kwa kusadiki. Wakaondoka wote wawili wakashauriane nyumbani, na ile karatasi ikabaki bila jina. Usiku nikafikiri: mama yule mzee hakunitukana, aliniuliza. Na anayeuliza hustahili jibu, si karipio. Basi nikaanza kukusanya habari za jina hili, nami leo napenda kuwagawia ninyi pia, kwa sababu wengi wanalipenda jina, lakini wachache wanajua lilikotoka.

Binti wa Wamba

Kwanza tujue kwamba Anuarite si jina la Kizungu, wala si la Kiarabu. Kijana mmoja aliniambia kwamba ni lile «Anwar» la Waarabu, maana yake nuru. Sivyo. Ni jina la Kibudu, lugha ya Wabudu wanaokaa upande wa Wamba, kaskazini-mashariki ya Kongo yetu, katika jimbo linaloitwa leo Haut-Uele. Maana yake ni hii: nacheka vita, yaani vita haviniogopeshi.

Tarehe 29 Desemba 1939, kule Matali karibu na Wamba, alizaliwa mtoto wa kike, wa nne katika mabinti sita. Baba yake aliitwa Amisi, na mama yake Isude. Mtoto huyu hakuitwa Anuarite. Aliitwa Nengapeta, maana yake mali hudanganya. Wazee wetu hawakutupa majina ovyo. Jina lilikuwa fundisho fupi ambalo mtoto alilisikia kila alipoitwa kuchota maji.

Nyumba ile ilipata machungu. Isude alizaa mabinti tu, na kwa sababu hiyo mume wake alimwacha akaoa mke mwingine. Ninyi wababa mnaosoma hapa, lisikieni neno hili vizuri. Mmoja wa mabinti wale waliodharauliwa ndiye anayetajwa leo altareni, na jina la baba linajulikana kwa ajili yake.

Mwaka wa 1943 mama Isude alibatizwa pamoja na mabinti zake. Nengapeta akapewa jina la Alphonsine. Hivyo akawa na majina mawili, la nyumbani na la ubatizo, kama sisi wote.

Kosa la kalamu

Sasa lilipatikana wapi jina la tatu? Nengapeta alikuwa na dada mkubwa, Léontine, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Anuarite. Siku ya kumwandikisha mdogo shuleni, dada huyu ndiye aliyemsindikiza. Sista aliyekuwa akiandika aliyachanganya majina: akamwandika mdogo kwa jina la mkubwa. Mtoto alikwenda shuleni akiwa Nengapeta, akarudi akiwa Anuarite. Na kama mnavyojua, kilichoandikwa katika kitabu cha shule hakifutwi upesi. Mwaka hata mwaka aliitwa hivyo, hata akakubali.

Mimi ninayeandika majina ya watu kila juma nilitetemeka kidogo niliposoma habari hii. Kalamu yetu ina nguvu. Herufi moja ikipotea, mtoto ataipotea maisha yake yote. Hata jina hili lenyewe watu huliandika kwa namna nyingi: Anuarite, Anwarite, Anuarita. Lakini tazameni pia jinsi Mungu anavyoweza kulitumia kosa la mtu. Jina lisilokuwa lake ndilo lililokuja kusema kweli juu yake.

Nengapeta alitamani kuwa sista tangu ujana wake. Mama hakukubali mara moja, maana alimwona bado mdogo. Siku kamioni ilipowachukua wasichana kwenda Bafwabaka, kwenye nyumba ya Masista wa Jamaa Takatifu, yeye alipanda pamoja nao bila kuaga. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake, akapewa jina la nne: Sista Marie-Clémentine. Alifundisha watoto, alitunza sakristia, alisaidia jikoni. Hakuna lililomtenga na masista wenzake mbele ya macho ya watu.

Siku ya vita

Mwaka wa 1964 uasi wa Wasimba ulienea mashariki ya nchi. Mwanzo wa Agosti waliteka Stanleyville, ndio Kisangani ya leo. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa parashuti juu ya mji ule, na tarehe 26 wakashuka Paulis, ambayo sasa ni Isiro, kisha wakaondoka. Hasira ya waasi ikawaangukia waliobaki. Siku ile ile ya 26, Askofu Wittebols wa Wamba aliuawa.

Tarehe 29 Novemba waasi walifika Bafwabaka wakawapakia masista katika kamioni. Waliwaambia kwamba wanawapeleka Wamba kwa usalama wao, lakini njiani wakageuza, wakawapeleka Isiro. Huko mkubwa wao mmoja alitaka kumchukua Anuarite awe mke wake. Akakataa. Wakamtisha, akakataa tena. Ndipo Kanali Olombe akampiga sana, akaamuru askari wamchome kwa visu vya bunduki, kisha akampiga risasi. Kabla ya kufa, sista alimwambia kwamba anamsamehe kwa kuwa hajui anachotenda. Ilikuwa usiku wa tarehe 1 Desemba 1964. Alikuwa hajatimiza miaka 25.

Nacheka vita! Dada yake alipewa jina hilo, lakini yeye ndiye aliyelitimiza. Hakucheka kwa dharau. Alivicheka vita kwa sababu vita vilishindwa kumpokonya kile alichokuwa amempa Mungu, tena vilishindwa kumfundisha chuki.

Jina lapanda altareni

Tufikiri sasa juu ya majina kwa jumla. Wazee wetu wanakumbuka kwamba zamani jina la Kiafrika lilibaki nje ya mlango wa kanisa. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1917, nambari 761, ilimtaka padri ahakikishe mtoto anapewa jina la kikristu. Wazazi wakikataa, padri aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili. Sheria haikusema jina liwe la Kizungu. Lakini watakatifu tuliowajua walikuwa karibu wote wa ng'ambo, na hivyo ikawa desturi: jina la Mungu ni la Ulaya, jina la kijiji ni la kijiji tu.

Kisha ikaja taabu ya upande wa pili. Mwaka wa 1972, wakati wa Zaire, Serikali ilikataza majina ya kigeni, na padri aliyebatiza kwa majina hayo alitishwa kwa kifungo cha miaka 5. Kardinali Malula alipinga, akatolewa katika nyumba yake, akakaa Roma kwa miezi kadhaa. Na Malula huyu ndiye mtu aliyependa Kanisa la Kongo liwe la Kiafrika kweli! Hakuyachukia majina ya wazee wetu. Alikataa tu kwamba serikali iingie katika dhamiri ya mkristu na kumwita itakavyo.

Basi tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alikuja Kinshasa akamtangaza Sista Anuarite kuwa Mwenyeheri, na kwa jina la Kanisa lote akamsamehe yule aliyemwua. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kibantu kupata heshima hiyo. Siku ile ugomvi wa majina ulipata jibu zuri. Jina la Kibudu, la kijijini kabisa, lilitajwa altareni pamoja na Maria na Clémentine. Hakuna aliyelazimishwa, na hakuna aliyedharauliwa.

Hata hivyo Anuarite hakuwa wa kwanza kuifungua njia. Mashahidi 22 wa Uganda walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, majuma machache tu kabla ya kifo chake, na majina ya Kizito na Lwanga yamekuwa majina ya ubatizo katika nchi nyingi. Mtakatifu Bakhita wa Sudani naye aliitwa hivyo na watu waliomteka utumwani. Jina hilo maana yake ni mwenye bahati. Walilitoa kwa ukatili, Mungu akaligeuza kuwa kweli.

Sheria mpya ya Kanisa, ya mwaka wa 1983, nambari 855, yawaomba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba mtoto asipewe jina lililo mbali na roho ya kikristu. Basi Anuarite laweza kusimama peke yake kitabuni. Bado si jina la kila nyumba, lakini tunalisikia zaidi na zaidi, hata Kenya na Tanzania, ambako jumuiya na shule huitwa kwa jina lake.

Jibu kwa mama mzee

Nilipokuwa na habari hizi, nilikwenda nyumbani kwa yule nyanya. Kwanza nilimwomba msamaha kwa ajili ya maneno yangu makali. Kisha nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Nikamwambia: Mama, jina hili halikuzaliwa siku ya kifo. Lilikuwapo kabla, katika mdomo wa wazazi, na maana yake ni kutoogopa. Tena hatuwapi watoto kifo cha watakatifu. Tunawapa rafiki mbinguni. Mtoto hataitwa kufa kama Anuarite. Ataitwa kusimama kama yeye, kila mmoja kwa siku yake.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza neno ambalo sikulitazamia: «Na mama yake, yeye alimwitaje nyumbani?» Nikajibu, «Nengapeta.» Akasema, «Basi mwandike yote mawili, Mwalimu. Jina la mama lisipotee.»

Ndivyo lilivyoandikwa. Nililisoma mara tatu kwa sauti kabla ya kufunga kitabu.

Nanyi wazazi, mkitaka kumpa binti yenu jina hili, msilichukue kwa sababu ni zuri masikioni tu. Mwelezeni mtoto habari yake mara akili zake zinapofumbuka. Kila tarehe 1 Desemba, sikukuu ya Mwenyeheri, mpelekeni Misani. Na mbele ya meza ya Mwalimu, litamkeni polepole, herufi kwa herufi, kwa sababu kalamu zetu bado hukosea.