Gadenia: Kichaka cha China Kilichoitwa Mtoto wa Rasi

Katikati ya karne ya 18, nahodha mmoja wa Kiingereza, Kapteni Hutchinson, alitia nanga Rasi ya Tumaini Jema akitokea India. Alipokuwa akitembea nchi kavu, harufu tamu ilimvuta mpaka kwenye kichaka chenye maua meupe, petali zake nyingi zimesongamana. Alikichukua, akakipakia melini, akampelekea Richard Warner, mpenda mimea wa Woodford, karibu na London. Kwa kuwa kilitoka Rasi na kilinukia vizuri, watu wakakiita asumini ya Rasi.

Rasi, hata hivyo, haikuwa kwao. Afrika ina gadenia zake, kuanzia huko kusini hadi mbuga za Afrika Mashariki, lakini hii inayopendwa bustanini, Gardenia jasminoides, asili yake ni China na nchi za jirani. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita mwanahistoria Sima Qian alilitaja shamba kubwa la gadenia miongoni mwa mali zinazoweza kumpa mtu utajiri wa kulingana na mwinyi. Wachina hawakufuata harufu peke yake. Tunda la gadenia yenye maua ya petali chache hutoa rangi ya manjano ya kutia kwenye vitambaa na vyakula, na limekuwa dawa yao tangu kale. Chanzo cha rangi hiyo ni krosini, ileile iliyomo katika zafarani ya biriani.

Kile cha Warner, kwa wingi wa petali zake, hakikuwa cha kutegemewa kwa mbegu. Kilipaswa kuzalishwa kwa vipandikizi, na Warner mwenyewe hakufanikiwa. Ndipo alipompa vipandikizi James Gordon, mwenye kitalu huko Mile End. Gordon aliviotesha, akauza miche na kupata faida kubwa.

Likabaki suala la jina. Linnaeus, bingwa wa Sweden wa kuainisha mimea, alipendekezewa jina la kumtunuku Warner, lakini Warner akakataa. John Ellis, rafiki wa Linnaeus, akashikilia heshima hiyo imwendee Alexander Garden, daktari wa Kiskoti aliyeishi Charleston, Marekani, na maelezo ya mmea yakasomwa mbele ya Royal Society mwaka 1760. Garden alistahili sifa kwa kazi nyingine: ndiye aliyempelekea Linnaeus vielelezo vya viumbe wengi wa Carolina. Lakini kichaka hiki hakukigundua wala hakukiotesha. Kama ningeulizwa mimi, jina lingekuwa la Gordon, kwa sababu bila mikono yake kichaka kile kingeishia kwa Warner.

Kazi ya Gordon ndiyo hiyohiyo inayomsubiri anayetaka gadenia nyumbani leo. Kata ncha ya tawi lililoanza kukomaa, ondoa majani ya chini, ichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, uifunike isikauke mpaka itoe mizizi. Gadenia ni ya ukoo mmoja na mbuni, na kama chai hupenda udongo wenye tindikali, pH ya 5 hadi 6, wenye mboji na usiotuamisha maji. Nyanda za juu zinazostawisha chai huifaa. Pwani, penye udongo wa matumbawe uliojaa chokaa, mizizi hushindwa kunyonya madini ya chuma. Majani mapya hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Huko ni bora kuipanda katika chungu chenye mchanganyiko wa mboji na kuinywesha maji ya mvua, kwani maji ya kisima nayo mara nyingi yana chokaa.

Maji yawe ya kiasi kilekile siku zote. Ukiiacha ikauke, kisha ukaifurikisha, vitumba hupukutika kabla ya kuchanua. Na ikishaweka vitumba, usihamishe chungu. Upogoaji ufanyike mara maua yanapokwisha. Ukichelewa, utakata ncha zilizokwisha kubeba vitumba vya msimu unaofuata.